Viti vya Kurudi

Malang, 4 Februari 1996

Mbak Ratri,

Assalamu alaikum, wifi yangu. Panji na Kinan hawajambo. Mimi pia sijambo. Ninakula, ninakwenda kazini, ninarudi.

Ibu amenipigia simu kutoka Solo kusema safari iko palepale. Nilidhani imekwisha pamoja na mume wangu, Mas Sapto, lakini mama yenu amesema tiketi ameshazinunua, na kwamba mdogo wako aliitaka safari hii kwa miaka sita, kwa hiyo wanawe waione Ulaya hata kama yeye hakuiona. Basi nimelitoa daftari lake kabatini na nimeanza kupanga.

Sijui kama uliwahi kuliona hilo daftari. Ni la wanafunzi, lina ramani ya visiwa vyetu mgongoni. Ameandika miji mitano kwa utaratibu: Paris siku nne, Luzern siku tatu, Venisi siku mbili, Vienna siku tatu, halafu Utrecht kwako siku saba. Pembeni ameandika vitu kama "Panji atachoka hapa" na "kuna bustani yenye bata". Sijui alijuaje kama kuna bata. Mtu alifundisha jiografia miaka kumi na mmoja na mahali pa mbali kuliko pote alipofika ni Lombok.

Nina maswali. Kwenye treni za huko mtoto wa miaka mitatu ana kiti chake au anapakatwa? Vyoo vina maji au karatasi tu? Nikipika wali kwenye chumba cha hoteli kwa ile sufuria ndogo ya umeme watanifukuza? Nasikia Julai jua linazama saa nne usiku, sasa watoto wa huko hulala saa ngapi?

Na je, tunaweza kuanza na Utrecht badala ya kumalizia? Nitakuwa nimechoka na watoto wawili mkononi. Ningependa kutua mahali ninapomjua mtu.

Kliniki ya meno wamenipa ruhusa ya mwezi mmoja. Daktari anataka jibini, wauguzi wenzangu wote wanataka chokoleti ya Uswisi, na jirani wa nyumba ya tatu ameagiza kikombe chenye picha ya mnara. Nimeandika yote kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, chini ya bata.

Wako,
Wening

&nbsp;

Solo, 13 Februari 1996

Ratri mwanangu,

Wening ameanza kupanga. Nakuandikia kwa mkono wangu kwa sababu nikipiga simu ya nje lazima nipige kelele, na jirani zangu masikio yao yako ukutani.

Jambo limekwisha. Nilimwambia siku ya mia ya kifo cha mdogo wako, baada ya kisomo, wageni walipokwisha kuondoka na visanduku vyao vya chakula. Tulibaki wawili mezani. Nikamwambia, "Wening, wewe una watoto wawili na mume huna. Ratri ana mume, ana nyumba ya ghorofa, mtoto hana. Kinan akalelewe na shangazi yake. Utampeleka mwenyewe kwenye ile safari, ili mtoto asione ametupwa." Hakulia. Hakubisha. Aliinamisha kichwa, akanyanyua birika akanimiminia chai. Mkwe aliyelelewa vizuri hufanya hivyo. Ungetaka aseme nini zaidi?

Usiniletee mambo ya huko ya kuitisha kikao. Mimi nililelewa na shangazi yangu kule Boyolali na sikufa. Bibi yako mdogo Karti alimchukua binti wa dada yake, na mwaka uliofuata tumbo lake likafunguka, akazaa watatu. Wewe una miaka arobaini na mmoja, bado hujachelewa. Nyumba yako imekuwa kimya mno, hiyo ndiyo shida yake.

Mambo mawili. Utrecht iwe mwisho, hata akikuomba vipi. Akianzia kwako atamwachaje mtoto, naye bado ana miji ya kuzunguka? La pili, usimtajie jambo lenyewe kwenye barua. Ameshakubali, ukilirudia utakuwa unamchokonoa kidonda. Muulize habari za mtoto polepole, anakula nini, analalaje. Atakujibu.

Tiketi ninazo mimi kabatini, chini ya vitambaa. Watatu kwenda, wawili kurudi.

Biashara sokoni inaendelea. Batiki za kahawia mwaka huu hazitazamwi.

Mama yako

&nbsp;

Utrecht, 27 Februari 1996

Dik Wening, wifi yangu,

Barua yako ilifika jana na Joost wangu ameisoma yote kwa kamusi, hakutaka nimsaidie. Unajua kazi yake ni kupanga ratiba za treni. Mtu huyu anapanga treni za watu kutwa nzima, halafu anarudi nyumbani kupanga za kwako kwa raha zake. Amechora karatasi kubwa kama shuka, ameitundika mlangoni mwa friji. Nikitaka maziwa naomba ruhusa ya Vienna.

Haya, majibu. Mtoto wa miaka mitatu ana kiti chake, Joost anashughulikia. Vyooni ni karatasi tu, beba chupa ya plastiki, itakuwa rafiki yako safari nzima. Wali pika, ila fungua dirisha na usikaange vitunguu. Jua kweli linazama saa nne. Watoto hulala saa moja na nusu jua likiwaka, mapazia yakifungwa, na wanaamini ni usiku. Nilipofika huku mara ya kwanza niliona ni udanganyifu mkubwa.

Utrecht tuiache mwisho, Dik. Najua umeomba. Lakini mkimalizia kwangu hakuna haraka ya kukimbilia mji mwingine, kila mtu atapata muda wa kuzoea. Niamini hapo.

Naomba uniambie habari za Kinan. Anapenda kula nini? Analala na taa au gizani? Anaogopa mbwa? Jirani yetu ana mbwa mkubwa lakini ni mzee, hana meno ya maana. Na akiamka katikati ya usiku, humwita nani?

Sijui nikushukuru vipi. Kuna mambo mdomo wangu hauyawezi na kalamu haiyawezi pia. Kila nikikumbuka unachokifanya nashindwa hata kazi. Juzi maktabani nilipanga vitabu vya watoto kwenye rafu ya sheria, mzee mmoja akaondoka na hadithi ya sungura.

Wako daima,
Ratri

&nbsp;

Malang, 12 Machi 1996

Mbak Ratri,

Huna haja ya kunishukuru. Sisi ndio tutakaokula chakula chako siku saba.

Utrecht mwisho, sawa.

Kinan anakula wali na yai, wali na supu, wali na wali. Samaki akiwa na macho hamli. Analala na taa ya barazani ikiwaka na mlango umeachwa wazi kidogo, nimeangalia. Mbwa hajawahi kumkaribia, kwa hiyo hajui kama anaogopa. Akiamka usiku humwita baba yake. Nakwenda mimi.

Umeuliza mengi ya Kinan na la Panji hata moja, atasikia wivu. Huyu anakula kila kitu na analala popote. Sasa hivi ameng'oka meno mawili ya mbele na anataka kujua kama Wazungu nao hung'oka.

Nimefuta Venisi. Kinan akiona maji anayakimbilia, hata yawe ya mtaro. Huo ni mji mzima wa maji na mimi nina mikono miwili. Siku zile mbili nimezigawa, moja Luzern na moja Vienna. Mwambie Joost arekebishe shuka lake. Vienna nimesoma kuna farasi weupe wanaocheza muziki. Sapto aliwapigia mstari mara mbili.

Sijui kama tubebe dawa za homa au zinapatikana. Sijui kama viatu vya Panji vitafaa kwa mawe ya barabara za Paris. Naandika haya yote bila taabu. Watu hapa wananisifu, wanasema Wening ana nguvu. Si nguvu. Ninapanga kama ninayewapangia watu wengine, familia nzuri tu ambayo sijawahi kukutana nayo.

Wako,
Wening

&nbsp;

Utrecht, 29 Machi 1996

Dik Wening,

Nimemfikiria Panji pia, usidhani vingine. Mwambie Wazungu nao hung'oka meno. Joost ana la bandia upande wa kushoto, nitamwambia alitoe amwonyeshe.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi za viza. Zenu ninyi wawili ni zile za kawaida, wakala wa Surabaya anazijua. Za Kinan ni tofauti kidogo kwa sababu ya umri wake. Nimeweka msalaba kwa penseli kila mahali unapotakiwa kutia saini, pia ubandike stempu ya serikali juu ya saini ya mwisho. Wametia tafsiri ya Kiindonesia lakini usijisumbue kusoma, ni lugha ya maofisa, itakuumiza kichwa bure. Nirudishie mimi za Kinan pamoja na cheti chake cha kuzaliwa, kile halisi.

Nimeulizia Volendam, pale wanapowapiga watu picha wamevaa nguo za wavuvi wa zamani. Wana za watoto kuanzia miaka mitatu, na viatu vya mbao. Jamaa zetu wote wanaofika huku lazima wakapige ile picha, ukirudi bila hiyo hakuna atakayekuamini ulifika. Tutakwenda wote.

Farasi wa Vienna Julai huwa mapumzikoni. Joost ameulizia. Samahani.

Ratri

&nbsp;

Malang, 14 Aprili 1996

Mbak Ratri,

Karatasi hizi hapa. Nimetia saini kila penye msalaba, mahali panne, na stempu. Cheti cha Kinan ni kile halisi, usikipoteze.

Badala ya farasi tutakwenda kwenye gurudumu kubwa linalozunguka na watu ndani yake. Asubuhi, Kinan akiwa bado hajachoka.

Nimemshonea Kinan koti zito. Najua Julai ni joto.

Wening

&nbsp;

Utrecht, 6 Mei 1996

Kwa Wening, mke wa marehemu Sapto,

Kiindonesia changu ni cha darasa la jioni. Nitaandika sentensi fupi. Ratri hajui kwamba ninaandika. Nitamwambia nikishatia barua posta.

Mimi ninapanga safari yenu. Kwenye treni nimeweka viti vitatu kila mahali, karibu na dirisha, mbali na choo. Jumatatu nilipigia simu kampuni ya ndege kuhakikisha viti vya kurudi. Walisema viwili. Mtu mzima mmoja, mtoto wa kiume mmoja. Nikasema mmekosea. Wakasema hatukukosea, ndivyo tiketi zilivyonunuliwa.

Nilimuuliza Ratri. Alisema Kinan anabaki kwetu. Hilo nililijua. Nilidhani ninyi wanawake watatu mlikwisha kulizungumza. Nilichokuwa sijui ni jinsi mlivyolizungumza. Nikauliza, Wening alikubali kwa maneno gani? Ratri alisema kwamba ulimmiminia mama yake chai.

Nimeishi na Ratri miaka kumi na minne. Kuna mambo mengi ya kwenu siyaelewi na nimezoea. Hili sitaki kulizoea.

Nikasema tumuulize. Ratri akasema kwetu jambo kama hili haliulizwi, kumuuliza mtu ni kumdhalilisha. Labda ni kweli. Mimi si wa kwenu, kwa hiyo nakudhalilisha.

Karatasi uliyotia saini inasema Kinan atakuwa chini ya ulezi wetu mpaka afike miaka kumi na minane. Bado iko hapa mezani. Sijaipeleka. Ratri anadhani nimeipeleka.

Mimi ninamtaka mtoto huyu. Nakwambia ili usidhani mimi ni mtu mwema tu. Nimepaka rangi chumba na nilikuwa naimba.

Unajua ulichotia saini? Unataka? Jibu ndiyo au hapana. Ukisema ndiyo, nitampenda. Ukisema hapana, nitatafuta kiti cha tatu.

Joost Hoekstra

&nbsp;

Utrecht, 21 Mei 1996

Dik Wening,

Joost ameniambia alichofanya. Nimemtukana kwa Kijava, ambacho hakielewi, kisha nikamtukana kwa Kiholanzi ili asikose kitu. Sasa hatuzungumzi. Tunaandikiana vikaratasi na kuvibandika kwenye ratiba yako pale kwenye friji. Mkate umekwisha. Nimenunua. Asante.

Siku kumi na tano zimepita, na najua barua haiwezi kwenda na kurudi kwa siku hizo. Hata hivyo kila nikisikia kisanduku cha barua kinagonga nakimbilia mlangoni.

Nataka nikwambie kabla hujaandika. Nilijua. Ibu aliniandikia kwamba umekubali, na mwanzoni niliamini, hilo ni kweli. Lakini tangu barua yako ya Machi nilijua kwamba habari haijakufikia. Uliniuliza mbona sijauliza la Panji. Mtu anayemtoa mtoto wake haandiki hivyo. Niliisoma nikiwa kazini, nikaikunja, nikajiambia Ibu alisema, na Ibu si mwongo. Halafu nikachukua penseli nikaweka misalaba. Tena nikakwambia usisome. Mimi, mtu wa maktaba.

Nimebeba mimba tano, Dik. Ibu anazijua mbili. Sikwambii ili unihurumie, nakwambia ili ujue ile penseli ilishikwa na mtu gani.

Nilimpenda mtoto wako kabla sijamuona, nikamuiba kwa adabu zote. Naona aibu mpaka nashindwa kumtazama Joost, ndiyo maana namnunia.

Andika chochote. Hata tusi.

Ratri

&nbsp;

Malang, 9 Juni 1996

Mbak Ratri,

Nimechelewa kwa sababu nilitaka nihisi kitu kwanza ndipo niandike. Barua ya Joost ilipofika niliisoma, nikakaa kitandani nikangoja hasira. Haikuja. Nikaenda kupika. Nilingoja siku tatu, kama mtu anavyomngoja fundi bomba.

Hukunidanganya, Mbak. Karatasi niliisoma. Uliniambia nisisome, ndiyo maana nikasoma. Niliisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, Panji akiwa shuleni na Kinan amelala. Haikuwa lugha ya maofisa hata kidogo. Ilikuwa nyepesi. Mama mzazi anaridhia kwa hiari yake. Hapo ndipo nilipoelewa Ibu aliniambia nini siku ya mia, kwa maana siku ile sikumsikia. Wallahi sikumsikia. Niliona midomo yake inakwenda, na nikaona kikombe chake kitupu.

Nilipoelewa, nikatia saini.

Hakuna aliyenishika mkono. Nilifikiri hivi: mtoto huyu kila asubuhi ananitazama usoni akitafuta kitu, na hakipo. Namwogesha, namvisha, namlisha, na ndani yangu hakuna mtu. Na huko mbali yupo mwanamke anayeuliza kama mtoto analala na taa. Mimi nilikuwa sijui. Ilibidi nikasimame mlangoni kwao kutazama ndipo nikujibu. Nikaona ni haki aende kwa anayeuliza. Nikamshonea na koti la baridi.

Unajua pale kliniki tukishampiga mtu sindano ya ganzi tunamwambia asile mpaka ganzi iishe. Wapo wasiosikia. Wanarudi shavu limetafunwa, damu kidevuni, na wanacheka, hawajui kama wamejila wenyewe. Nimewaambia watu maneno hayo miaka tisa.

Joost aliuliza, unataka? Tangu Agosti kila mtu ameniambia la kufanya, tena kwa upole, na nimefanya. Siku ya nne nilikuwa jikoni naosha mchele, nikataka kujua majibu yake yanasikikaje. Nikasema ndiyo, kwa sauti. Haikuniuma. Nikasema hapana. Kumbe Kinan alikuwa nyuma yangu, ameshafungua kopo la chipsi zetu za uduvi, krupuk, mkono umejaa. Akadhani nimemkataza yeye. Akaanza kuzirudisha, moja moja, midomo inamtetemeka. Nikamwambia, "Kula, sikusemi wewe." Hakuniamini. Nikapiga magoti na mikono yangu yenye maji ya mchele, nikamwambia si wewe, si wewe, sijui mara ngapi, na hapo nikalia. Miezi tisa, Mbak. Kaburini sikulia. Kinan alinitazama, akanitia krupuk mdomoni ili ninyamaze.

Jumamosi nikapanda basi la asubuhi kwenda Solo na watoto wote wawili. Ibu alikuwa anakunja batiki.

"Umekuja bila taarifa," akasema.

"Ndiyo, Ibu. Kinan habaki kwa Mbak Ratri. Naondoa saini yangu."

"Ulishakubali wewe."

"Sikukubali. Nilimimina chai."

"Na saini je? Nayo ilikuwa chai?"

"Saini nilikubali. Sasa nimekataa."

"Mtu anakubali leo, kesho anakataa? Kama bei ya sokoni?"

"Ndiyo, Ibu. Kama bei ya sokoni."

Nilikuwa sijawahi kumjibu Ibu maneno matatu mfululizo tangu niolewe. Alimaliza kukunja kile kitambaa, akakunja na kingine. Kisha akasema tiketi alizinunua kwa ajili ya hilo tu, na kama hilo halipo na safari haipo. Nikasema ni haki yake. Akamwita Kinan, akampakata, akampekua masikio. "Amekonda huyu," akasema. "Unamlisha nini?" Kinan hakumshusha mpaka tulipoondoka.

Kwa hiyo hatuji. Mwambie Joost aachie viti vyote vya treni, watu wengine wavitumie. Panji amelia sana kwa ajili ya gurudumu la Vienna. Mimi nimeumia kwa ajili ya Sapto, ambaye aliandika bata, farasi na kila kitu kisha akaenda kufa Jumanne saa tano asubuhi akisahihisha mitihani. Nimemkasirikia. Nimekukasirikia na wewe. Nimemkasirikia Ibu mpaka usingizi umekata. Sikujua kama hasira ina joto hivi. Sitaki ipoe upesi.

Ile karatasi ichaneni. Cheti cha Kinan nirudishie kwa posta ya rejista.

Sijakusamehe. Nadhani nitakusamehe, ila bado, na sitaki kuliandika kabla halijawa kweli. Pole kwa zile mimba tano. Hilo linatoka moyoni.

Joost mwambie jibu ni hapana. Mwambie namshukuru kwa kunidhalilisha.

Na wewe ukinijibu, usinijibu kwa adabu.

Wening